Diski moja ikifa, nani ataambiwa?

Kwenye seva ya Linux yenye diski mbili zilizofungwa pacha, kila moja ikibeba nakala ya nyingine, lipo faili dogo liitwalo /proc/mdstat. Ukilifungua utakuta, pamoja na mambo mengine, herufi mbili ndani ya mabano: [UU]. Kila U ni diski iliyo hai. Siku diski moja ikifa, herufi moja hutoweka na nafasi yake kuchukuliwa na mstari: [U_]. Basi. Mhasibu anaendelea kuingiza risiti, daktari anaendelea kufungua mafaili ya wagonjwa, tovuti inafunguka kama kawaida. Badiliko lote la siku hiyo limo kwenye herufi moja, ndani ya faili ambalo wengi wanaoitegemea seva hiyo hawatalifungua maishani mwao.

Natunza seva za taasisi ndogondogo hapa Dar es Salaam, na jambo hili linaninyima usingizi kuliko mengine yote ya kazi yangu. Kwamba diski hufa, hilo nimelizoea. Ni chombo chenye sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, usiku na mchana, mwaka baada ya mwaka. Kinachoniuma ni diski kufa halafu watu wakaishi miezi kadhaa na diski iliyobaki, wakiamini bado wamelindwa. Nimeikuta hali hiyo mahali pengi. Taasisi imenunua RAID, yaani mpangilio wa diski kadhaa ili moja ikifa data ibaki, kwa fedha nzuri, aliyeifunga ameifunga vizuri, kisha hakuna aliyepewa kazi ya kuisikiliza.

Turudi kwenye chimbuko la RAID, maana jibu limo humo tangu mwanzo. Mwaka 1988, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha andiko lililoeleza namna ya kuunganisha diski nyingi za bei nafuu zifanye kazi ya diski moja kubwa ya bei ghali. Tatizo walilijua: ukiwa na diski mia, nafasi ya mojawapo kufa wiki hii ni kama mara mia ya ukiwa na moja. Ndiyo maana wakaongeza diski za kubeba nakala, au za kubeba hesabu ya kurudishia kilichopotea. Katika andiko hilo kuna jedwali ambalo natamani kila anayelipia seva angelisoma. Kwa diski 200 zilizopangwa pacha pacha, kila moja ikikadiriwa kuishi saa 30,000, walipata kwamba ingechukua wastani wa saa 4,500,000 kabla data haijapotea. Hiyo ni zaidi ya miaka 500.

Watu husoma miaka 500 na kufunga kitabu. Lakini ndani ya hesabu hiyo kuna namba nyingine inayogawanya: muda wa kuirudisha nafasi ya diski iliyokufa. Wao waliuweka kuwa saa 1. Chukua hesabu ileile, diski zilezile, weka wiki moja badala ya saa moja. Miaka 500 inashuka hadi miaka 3 hivi.

Na muda huo unaanza kuhesabiwa sekunde ile diski inapokufa, kabla fundi hajashika bisibisi, pamoja na siku zote ambazo hakuna aliyejua. Kwa hiyo ufuatiliaji umo ndani ya hesabu ya RAID yenyewe. Anayefunga RAID bila kuweka njia ya kupata habari zake amefunga nusu ya mtambo, na nusu aliyoiacha ndiyo iliyobeba ile miaka 500.

Madereva wa malori wanalielewa hili bila kalamu. Lori la mizigo lina matairi pacha nyuma. Moja likiishiwa upepo, la pembeni yake linabeba mzigo wote na dereva kule mbele hahisi kitu. Ndiyo maana gari likisimama, utingo hushuka na kipande cha chuma, akagonga tairi moja moja na kusikiliza mlio wake. Asipogonga, tairi lililobaki linazidi kupata moto hadi nalo lipasuke, na hapo tena hakuna la kusaidia.

Kwenye Linux, mgongaji huyo yupo tayari. Programu ya mdadm, kazi ya Neil Brown, inaweza kukaa macho muda wote ikiangalia makundi ya diski, na moja ikianguka inatuma barua pepe kwa anwani iliyoandikwa kwenye mstari wa MAILADDR ndani ya mdadm.conf. Shida ni kwamba kwenye Debian, moja ya matoleo ya Linux, mstari huo unakuja ukiwa umeandikwa root. Maana yake ujumbe unapelekwa kwa msimamizi wa mashine hiyohiyo, kwenye sanduku la barua lililomo ndani ya seva hiyohiyo, na hata hapo ni kama kuna programu ya kutuma barua iliyofungwa. Nyingi ninazozikuta hazina. Diski imekufa, mdadm imeona, imepiga kelele, na kelele zimeishia ukutani.

Jambo hili halichagui mdogo wala mkubwa. Tarehe 31 Januari 2017, katika kampuni ya GitLab, mhandisi alifuta kwa bahati mbaya saraka ya hifadhidata kwenye seva iliyokuwa ikihudumia wateja. Walipokimbilia nakala rudufu wakakuta hazipo: programu ya kuzitengeneza ilikuwa ikishindwa kwa sababu ya tofauti ya matoleo. Barua pepe za kutoa taarifa kwamba imeshindwa zilikuwa zikitumwa, ila zilikataliwa njiani kwa sababu hazikuwa na uthibitisho wa mtumaji uitwao DMARC. Walirudi kwenye nakala nyingine iliyokuwepo, iliyotengenezwa saa sita kabla ya ajali, na kilichoandikwa kwenye hifadhidata katika saa hizo kikapotea. GitLab waliyaeleza haya yote hadharani, na nawaheshimu kwa hilo. Kisa chenyewe kilihusu nakala rudufu, lakini ugonjwa ni huohuo: mfumo ulisema, na njia ya kufikisha neno ilikuwa imekatika bila mtu kuikagua.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalofanya nikikabidhiwa seva ni kujaribu njia ya ujumbe. Amri ni mdadm --monitor --scan --oneshot --test, nayo hutuma ujumbe wa majaribio kwa kila kundi la diski. Usipofika kwenye simu ya mtu aliye macho, kazi yangu ya siku hiyo nimeshaijua. Jambo la pili ni kugeuza utaratibu: pamoja na kuisubiri seva iseme inaumwa, naiagiza kila asubuhi itume neno kwamba ni mzima, kwenda kwenye mashine nyingine iliyo mahali pengine. Neno hilo lisipofika kwa wakati, mashine ile ya mbali ndiyo inayopiga kelele. Ukiwa na njia moja tu, ile ya kuambiwa ubaya, ukimya una maana mbili: ama kila kitu ni kizima, ama mjumbe amekufa pamoja na diski. Na kwa watu wetu barua pepe peke yake haitoshi. Napeleka ujumbe kwenye kundi la Telegram, kwa sababu huko ndiko macho yaliko.

Kuna zahanati moja, jina lake nalihifadhi, ambako kadi ya RAID, yaani kifaa kinachosimamia kundi la diski, ilikuwa na kipaza sauti kidogo, nayo ilifanya kazi yake sawasawa. Diski ilipokufa ikaanza kulia, ti, ti, ti, mchana kutwa. Wahudumu wakalalamika kwamba sauti inasumbua, na mtu mmoja mwenye nia njema akaingia kwenye menyu ya kadi akaizima. Diski ikabaki palepale na taa yake ya rangi ya chungwa, nyuma ya mlango wa kabati. Siwalaumu wahudumu wale hata kidogo. Hakuna aliyewaambia sauti ile ina maana gani wala imwite nani.

Sasa, diski zenyewe. Kila diski ya kisasa ina daftari lake la afya liitwalo SMART, na programu za smartmontools, mradi ulioanzishwa na Bruce Allen mwaka 2002, ndizo zinazolisoma. Wengi hupiga amri ya smartctl -H, wakaona neno PASSED, wakaondoka wameridhika. Mimi neno hilo silitegemei. Mwaka 2007 watafiti wa Google, Eduardo Pinheiro, Wolf-Dietrich Weber na Luiz André Barroso, walichapisha walichokiona kwenye diski zao zaidi ya 100,000. Kati ya zilizokufa, asilimia 56 hazikuwa zimeonyesha dalili yoyote katika viashiria vinne walivyoviona kuwa na nguvu zaidi. Yaani zaidi ya nusu zilikwenda bila kuaga kwa njia hizo. Ila katika utafiti huohuo kuna upande wa pili: diski iliyoonyesha kosa lake la kwanza la kusoma uso wa sahani ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko isiyo na kosa hilo.

Nayachukua yote mawili kwa uzito sawa. Kukosekana kwa dalili hakunipi amani, lakini dalili ikitokea sibishani nayo. Ndiyo maana naangalia namba ghafi za viashiria vichache: namba 5, sekta (vipande vidogo vya diski vinavyobeba data) zilizohamishwa kwa sababu zimeharibika, 197, sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na inasubiri kuamua hatima yake, 198, zilizoshindikana kwenye ukaguzi wa ndani, 187, makosa yaliyoshindwa kurekebishwa, na 188, amri zilizochelewa kupita kiasi. Kampuni ya Backblaze ya Marekani, ambayo imekuwa ikichapisha takwimu za diski zake tangu 2013, nayo ilitaja hizohizo tano kuwa ndizo inazozitazama. Sekta tatu zilizohamishwa, zikakaa tatu mwaka mzima, hazinitishi. Tatu zikawa kumi na moja wiki ijayo, naagiza diski. Kwa hiyo lazima namba ziandikwe mahali kila siku, maana namba ya leo peke yake haisemi inakoelekea.

Namba 199 inastahili kutajwa peke yake kwa sababu inaokoa fedha. Hiyo huhesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na ubao mkuu wa kompyuta, na ikipanda, mara nyingi mgonjwa ni kebo. Diski zisizo na ugonjwa zimetupwa kwa kosa la kebo.

Kuhusu joto, ambalo sisi wa pwani tunalilaumu kwa kila kitu: watafiti walewale wa Google walikuta joto halihusiani sana na vifo vya diski kama ilivyoaminika, isipokuwa likiwa kali mno, na kwa diski zilizozeeka. Bado nalifuatilia. Chumba cha seva ambacho kiyoyozi chake kimekufa siku ya Ijumaa jioni kinaweza kabisa kuingia kwenye hilo kali mno.

Nikae kidogo kwenye jambo lisilozungumzwa vya kutosha: sehemu za diski ambazo hakuna anayezisoma. Fikiria mafaili ya mwaka 2019 ya ofisi. Yako kwenye diski, hayajaguswa tangu yalipohifadhiwa. Sekta zilizoyabeba zinaweza kuharibika polepole na diski isijue, maana diski hugundua sekta mbovu inapoombwa kuisoma. Diski A inakufa. Unaweka mpya. Ili kuijenga mpya, mfumo unalazimika kuisoma diski B yote, mwanzo hadi mwisho, na sasa ndipo unaikuta sekta mbovu iliyolala humo tangu zamani. Nakala yake pekee ilikuwa kwenye diski A, ambayo umeshaing'oa. Utafiti wa mwaka 2007 uliofuatilia diski milioni 1.53 kwa miezi 32 ulikuta asilimia 3.45 ya diski zina sekta za namna hii, na sehemu kubwa ya makosa hayo iligunduliwa na ukaguzi wa makusudi.

Ukaguzi huo ndio ninaoupigia debe. Debian huja na ratiba ya kusoma kundi lote la diski kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, na ukiwa na mdadm mahali pengine unaweza kuuanzisha mwenyewe kwa kuandika neno check ndani ya faili la sync_action. Sekta isiyosomeka ikikutwa, mfumo unachukua nakala kutoka diski yenye afya na kuiandika upya palepale, wakati bado diski hiyo ipo. Baadaye soma mismatch_cnt, inayosema ni sehemu ngapi ambazo diski mbili hazikubaliani. Hapa mdadm ina udhaifu: ikikuta pacha wawili wanapingana, haijui yupi msema kweli. ZFS, mfumo wa kuhifadhi mafaili uliotoka Sun Microsystems na kufunguliwa kwa umma mwaka 2005, hulimaliza hilo kwa kuhifadhi hesabu ya uhakiki ya kila kipande cha data. Ikiona nakala moja haiendani na hesabu yake, inajua ni hiyo iliyoharibika, na zpool status inakuonyesha diski gani na mara ngapi. Kwa seva mpya yenye kumbukumbu (RAM) ya kutosha, mimi nachagua ZFS bila kusita.

Kadi za RAID zinaleta ugumu mwingine: zinazificha diski, mfumo endeshi unaona diski moja tu kubwa. Watu hudhani basi SMART haipatikani. Kwenye kadi nyingi za familia ya MegaRAID inapatikana, kwa smartctl -d megaraid,0 na namba zinazofuata. Usisahau pia betri ya kadi. Betri ikichoka, kadi nyingi huacha kuandika kupitia kumbukumbu yake ya haraka, na ghafla mfumo unakuwa mzito huku watu wakiilaumu programu.

Kosa jingine huanzia dukani. Diski za kompyuta za mezani zikikuta sekta ngumu kusomeka zinaweza kung'ang'ania kuisoma kwa zaidi ya dakika moja, wakati Linux kwa kawaida husubiri sekunde 30 tu kabla ya kuihesabu amri kuwa imeshindwa. Mwisho wake diski inayoweza kufanya kazi inatolewa kwenye kundi. Diski za kazi ya RAID hukata tamaa baada ya sekunde 7 hivi na kuiachia RAID itafute nakala kwingine. Kama diski yako inakubali, smartctl -l scterc,70,70 huweka kikomo hicho. Kama haikubali, ongeza muda wa kusubiri upande wa Linux.

Kisha umri. Diski zikinunuliwa siku moja, duka moja, boksi moja, zinazeeka pamoja. Mwezi Novemba 2019 kampuni ya HPE ilitangaza kwamba baadhi ya SSD zake (diski zisizo na sahani zinazozunguka) za SAS, aina ya muunganisho wa diski za seva, zilikuwa na hitilafu kwenye programu ya ndani: zikifika saa 32,768 za kuwaka, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8, zinakufa, na data haiokoleki. Seva iliyofungwa diski kama hizo zote kwa pamoja ingezipoteza karibu zote kwa pamoja, na hakuna kiwango cha RAID kinachohimili hilo. Dawa ilikuwa kusasisha programu hiyo kabla saa hazijafika. Kwa hiyo kufuatilia ni pamoja na kujua diski zako ni za aina gani, programu yake toleo gani, zimewaka saa ngapi, na kusoma matangazo ya mtengenezaji.

Saa zenyewe zinaweza kudanganya. Mwanzoni mwa 2025 ilibainika, ikianzia Ujerumani, kwamba diski za Seagate zilizokwishatumika zilikuwa zikiuzwa kama mpya, saa zake za SMART zikiwa zimerudishwa sifuri. Zilikamatwa kwa sababu daftari jingine la ndani, FARM, lilibaki na saa halisi. Nikinunua diski leo, nalinganisha madaftari hayo mawili kabla sijaifunga.

Na nunua ya akiba mapema. Huko walikoandika hesabu ya saa 1, diski ilikuwa karibu. Huku kwetu, ukianza kutafuta bei, kuandika dokezo, kusubiri sahihi na kusubiri mzigo, zile wiki zinazoishusha miaka 500 zimeshapita hata kama ulijulishwa dakika ileile. Diski moja mpya kwenye droo iliyofungwa, yenye ukubwa sawa au zaidi, ni sehemu ya seva. Iandikwe hivyo kwenye bajeti.

Siku ya kubadilisha, nenda taratibu. Hakikisha kwanza nakala rudufu ya jana ipo na inafunguka, maana RAID haijawahi kumrudishia mtu faili alilolifuta. Halafu andika namba ya utambulisho ya diski iliyokufa kama smartctl -i inavyoionyesha, au kama imezima kabisa, andika namba za zote zilizo hai. Namba isiyomo kwenye orodha hiyo ndiyo yake. Mimi hubandika karatasi yenye namba kwenye kila trei siku ya kufunga seva. Kwenye kundi la RAID 5, ambalo huhimili kufa kwa diski moja tu, likiwa limekwishapoteza hiyo moja, kung'oa nzima badala ya mbovu ndiko kunakoangusha kundi zima. Kisha vumilia: diski ya terabaiti 16, hata ikiandikwa megabaiti 200 kwa sekunde bila kupumzika, inachukua saa 22, na seva inayotumika itakwenda polepole zaidi. Katika saa hizo hakikisha UPS ina betri inayoshika kweli.

Ikimaliza, endesha ukaguzi kamili, soma namba za diski zilizobaki kwa sababu zimetoka kufanya kazi nzito, tuma tena ujumbe wa majaribio. Na kabla ya kufunga kabati, muulize mkuu wa ofisi ujumbe huo umefika kwa nani. Mara kwa mara jina linalotajwa ni la kijana aliyeacha kazi zamani. Libadilishe siku hiyohiyo, weka majina mawili, na liwemo kwenye makabidhiano kila mtu wa IT anapoondoka.